Walikula Nini Shanghai?

Mpendwa Upendo,

Hujambo na baridi ya Njombe? Mpe mama yako shikamoo yangu. Huku Guangzhou joto linanata mwilini, nami nimechoshwa na watu wazima.

Unakumbuka niliahidi klabu yetu ya historia picha za mtaa wa Shanghai, walikokimbilia Wayahudi wakati Wanazi wanawaua wenzao Ulaya. Mama alikubali kunipeleka, lakini kila siku ni soko la nguo la Shisanhang kununua jinzi za dukani kwetu. "Shanghai ni mbali, mwanangu. Piga picha hapahapa, China ni China." China ni China, Upendo!

Leo tulikula kwa Mama Chantal, Mkongo mwenye mgahawa karibu na hoteli yetu. Nikamweleza jinsi wakimbizi wale walivyopanga foleni na mabakuli, wakipikiwa na watu wa misaada. Mimi naeleza, mama anaomba pilipili.

Mama Chantal akaacha kufuta meza. "Nami nilikula hivyo kambini Kigoma, nikiwa mtoto. Chérie, yule aliyewagawia, aliwatazama usoni ao aliangalia tu sufuria?"

Nikasema sijui, vitabu vyangu havisemi.

Mama akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Alhamisi tunakwenda. Ukamuulizie Mama Chantal swali lake."

Nilishindwa kumaliza wali kwa furaha. Ila usishangilie mno: kabla hatujafika hotelini ameshauliza kama jinzi za Shanghai ni nafuu.

Nakukumbatia sana. Tuachie nafasi ya picha kwenye ukuta wa klabu.

Rehema