Walifikiri Nalia Kukataa

Jumapili. Upepo wa Septemba, vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Macho yanatiririka tangu asubuhi na misa sikwenda.

Nimechoka. Acha niseme hivyo kwanza, maana hapa nyumbani Katuba sina wa kumwambia.

Anayenisoma mara ya kwanza ajue: mimi silii. Kwenye pembe za kope kuna vitundu vidogo ambamo machozi hushukia puani, na vyangu vimekuwa vyembamba mno. Basi yanamwagika mashavuni, niwe na furaha ama hasira. Mwaka jana daktari alivipanua. Nikakaa mkavu majuma machache, nikaringa na wanja wangu, halafu vikajifunga tena.

Jana familia ya Trésor, mchumba wangu, ilileta mahari. Shangazi Godelive, dada ya baba, alinionya jikoni: “Usipanguse macho mbele yabo. Batasema uko na magonjwa ya kuambukiza.” Nikatii. Nikaketi mkekani na kitenge kipya, mikono mapajani.

Baba akaniuliza mbele ya wote, kama anavyoulizwa kila binti: “Mutoto yetu, hii mali ya benyewe, tukule ao tubarudishie?”

“Mukule, papa.”

Kula ndiyo kukubali, na nilisema kwa sauti. Lakini machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, yanadondokea kitenge. Baba mkubwa wa Trésor akanitazama sana, kisha akamgeukia baba yangu: “Uyu mutoto iko nalia. Sisi hatuwezi kuoa mutoto ya kulazimisha.”

Nikafungua mdomo nieleze. Shangazi akanifinya paja. Siku hiyo binti hujibu swali moja tu. Wakainuka na mali yao, kwa heshima kabisa, hata bukari, ugali tuliowapikia, hawakuionja.

Hao siwalaumu. Ndoa ya nguvu wanaiogopa, ni watu wazuri.

Ila Trésor anajua.

Ndiye aliyenisindikiza kwa daktari. Macho haya ameyapangusa kwa leso yake mwenyewe. Jana neno lake moja lingetosha, naye alikuwa palepale, anatazama viatu vyake. Leo mchana kaniandikia: angetaja ugonjwa, wajomba zake wangeuliza kama watoto wataurithi. Nipone kwanza, kimyakimya, ndipo warudi.

Yaani bora waamini simtaki kuliko wajue nina kasoro.

Nimelia leo, kulia kwa kweli, kifua kikiniuma. Mama amepita, akaniambia nibadilishe leso, akaendelea na vyombo vyake. Hakuona tofauti yoyote.

Wiki hii nitarudi kwa daktari, avichane kidogo hivyo vitundu kama alivyopendekeza, labda safari hii vitabaki wazi. Naenda kwa ajili yangu. Najiambia hivyo toka jioni: kwa ajili yangu.

Simu imeita nikiandika haya. Nimeikimbilia hadi nikajikwaa, nikidhani ni yeye. Hakuwa yeye.

Mungu wangu, nifanyeje na mtu aliyenikana mbele ya watu, na bado namtaka hivi?