Walimwamkia, Wakakataa Kumpakia

Alhamisi, baada ya chakula

Kinachoniuma ni kwamba walimwamkia bibi yangu vizuri. "Shikamoo, bibi," walisema bodaboda wote pale stesheni ya Kimamba. Nilipowaambia tunakwenda Kilosa kwa madaktari wa macho, mmoja akasema, "Huyu simpakii. Akinifia njiani, je?"

"Marehemu mtarajiwa!" mwenzake akadakia. Wakacheka, na hakuna aliyekubali kumpakia.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari wale wageni. Tukarudi nyumbani.

Njiani bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, nimechakaa hivyo?" Nilijibu hapana, ila nilichelewa kidogo. Haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima.

Shuleni tunafundishwa kwamba uzee haumwondolei mtu haki zake. Wale bodaboda nao walisoma hapohapo.

Labda madaktari watarudi. Kesho naanza kujifunza kumpakia mtu kwenye baiskeli.