Usiseme na Mgongo Wangu

Jumatatu, 6 Februari
Nimefika. Mto nimeuvuka mara kumi na moja, nimehesabu. Viatu vyangu vipya vya kazini nilivibeba kichwani njia nzima na bado vimelowa. Mwalimu Teofila, mwalimu mlezi wangu kwa wiki hizi sita, alikuwa amesimama kwenye ngazi za shule, ndara miguuni, anamenya ndizi ya kuchemsha. Alivitazama viatu kwanza, mimi baadaye. "Vianike, Inday. Huku havina kazi." Inday ndivyo huku wanavyomwita binti.
Ana miaka hamsini na minane. Mwembamba, nywele fupi, mabega ya mtu aliyezoea kubeba kuni. Chumba kimoja, madarasa mawili ndani yake: la pili upande wa dirisha, la tatu upande wa mlango. Watoto ishirini na tisa. Chuoni walikuwa wanatuambia vituo kama hivi huangukia wasio na bahati. Haya.

Jumanne, 7 Februari
Leo nimepewa majukumu yangu. Andalio la somo niandike kwa kalamu, nimkabidhi siku moja kabla. Zana nichore mwenyewe. Saa moja na nusu, bendera inapopandishwa, niwe nimeshafika — si nafika. Kufagia, nifagie pamoja na watoto, nisiwasimamie. Mtoto akikosa siku tatu, tunamfuata kwao. Halafu lile daftari la uchunguzi la chuo: mara kumi nikae nyuma nimtazame akifundisha, niandike ninachokiona, naye atie sahihi kila ukurasa. Bila sahihi kumi hakuna kuhitimu.
Andalio langu la kwanza, nililokuja nalo, limerudi jekundu. Kurasa nne nilizokesha nazo! Pembeni ameandika: "Watoto wako wapi kwenye somo hili?"
Nimelia kidogo chooni. Kisha nimeandika upya. Amelisoma amesimama, akanirudishia, akasema sasa anawaona wawili watatu.

Ijumaa, 10 Februari
Uchunguzi wa kwanza. Sijawahi kuona darasa la namna hii. Anaandika ubaoni, hakuna anayetoa sauti. Mwenye swali ananyoosha mkono na kusubiri. Mwalimu akigeuka, uso wake unapita kwao wote, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku jioni. Ndipo wanasema. Sheria ni moja tu, imeandikwa juu ya ubao: USISEME NA MGONGO WANGU.
Hapigi kelele. Hashiki fimbo. La pili wanaandika, la tatu wanasoma, yeye yuko katikati, hapotezi hata mmoja. Nimeandika daftarini: "Nidhamu ya hali ya juu." Ametia sahihi, akacheka peke yake.

Jumatano, 15 Februari
Nimepima kusoma kwa sauti, darasa la tatu. Lealyn, msichana wa meza ya mbele mwenye kovu kidevuni, alisimama, akashika kitabu, midomo ikacheza mpaka mwisho wa ukurasa. Sauti hakuna. Hata ya kunong'ona. Nimempa sifuri.
Mchana Mwalimu Teofila ameniletea karatasi.
"Huyu kasoma. Mstari wa tatu kakosea neno moja."
"Mwalimu, mimi sikusikia kitu."
"Hata mimi," akasema, akaenda zake kuosha vyombo.
Nilidhani ananitania. Nimefuta sifuri, lakini kwa shingo upande.

Jumatatu, 27 Februari
Uchunguzi wa sita. 
Alikuwa anaandika ubaoni. Nazi kavu ikaanguka juu ya bati. Mlio kama bunduki. Watoto wakapiga yowe, mimi nikaangusha daftari, kuku wakatawanyika uani. Yeye aliendelea kuandika. Hata bega halikutikisika. Akamaliza neno, akaweka nukta, akageuka, akaziona nyuso zetu. Akatazama juu.
"Nazi?"
"Ndiyo, Mwalimu."
"Bati limepasuka?"
"Hapana, Mwalimu."
"Basi tuendelee."
Hasikii. Mwalimu Teofila hasikii kabisa! Ile sheria. Kule kupitisha uso. Na Lealyn — alimsoma midomo. Wiki tatu nimekaa humu na masikio yangu mawili mazima, na sikuelewa lolote.
Nimeandika ukurasa mzuri kuhusu somo. Nazi sikuiandika. Imebaki miaka miwili astaafu. Msimamizi wangu wa chuo akiisoma, habari itafika wilayani, na wilaya haitauliza anafundishaje. Itauliza anasikia au hasikii.

Jumanne, 28 Februari
Amekataa kutia sahihi.
"Ukurasa wa jana haujaisha."
"Umeisha, Mwalimu."
"Nazi iko wapi?"
Nilitazama chini. Akaniinua kidevu kwa kidole. "Ukitazama chini unaninyima maneno, Inday."
Nimemwambia siwezi. Kanirudishia daftari. Hakukasirika. Ninalala kwake, tunapokezana kupika; zamu yake, kapika: wali, dagaa wakavu, majani ya mlonge. Kanipakulia mimi kwanza kama kawaida. 

Alhamisi, 9 Machi
Lealyn hajaonekana tangu Jumatatu. Baada ya masomo tumemfuata, saa nzima ya kupanda. Tumemkuta jikoni anapuliza moto wenye moshi mtupu. Bibi yake, Lola Ising, amelala kwenye mkeka, homa siku ya nne. Mwalimu hakutaja shule. Alimwondoa mtoto pale, akachochea kuni, akabandika uji.
Mgongo wake ulipotugeukia, Lola Ising akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, wala hakunong'ona: kule shule ya mjini walimpokea Lealyn wiki mbili wakamrudisha, wakasema bubu hafundishiki. "Huyu mwalimu siku ya kwanza kamuuliza jina. Mtoto kafungua mdomo. Huyu kajibu, 'Jina zuri, karibu.' Mjukuu wangu alirudi hapa anaruka kama mbuzi."
Nikamuuliza polepole, je, wanajua?
"Kwamba hasikii? Mwanangu, kijiji kizima tunajua. Ukiwa na neno naye, unazunguka mbele yake. Kuna ugumu gani?"
Wakati wa kushuka nimejikaza. Nilimtangulia hatua mbili, nikageuka.
"Tangu lini, Mwalimu?"
"Miaka sita. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likaona wivu." Kifaa cha kusaidia kusikia anacho, kimo kabatini. Anasema akikivaa, watoto ishirini na tisa wakicheka ni kama mabati yanayokwaruzwa.
"Nikiandika watakuondoa."
"Huenda. Na usipoandika, kesho utaficha kingine, na keshokutwa kingine. Mwalimu anayeficha anachokiona darasani atamsaidia mtoto yupi?" Akaruka jiwe, miaka hamsini na minane hiyo, akanipa mkono nami niruke. "Lakini andika yote, Inday. Ukiandika sikio, andika na jicho."

Ijumaa, 10 Machi
Nimeandika. Kurasa saba. Nazi, sheria ya ubaoni, Lealyn, uji. Nimeandika jinsi anavyojua mtoto ana njaa kabla mtoto hajajua. Amesoma kila neno, amesahihisha tahajia mbili, ametia sahihi.
Kuanzia leo najifunza kusoma midomo. Kila jioni Mwalimu atanisomea bila sauti, nitabahatisha. Leo alisema "leta chumvi", nikaleta mwiko. Amecheka mpaka akakaa.

Alhamisi, 16 Machi
Kesho somo la mwisho, la kupimwa. Dakta Villaruz, msimamizi wangu wa chuo, anakuja mwenyewe. Zana tayari, andalio tayari, limepita bila alama hata moja nyekundu. Nimekagua mara mbili, nikidhani kasahau. Lealyn amerudi, Lola Ising anatembea. 

Ijumaa, 17 Machi
Naandika nikiwa nimekaa chini ya mlingoti wa bendera. Watoto wanakula. Niandike haraka.
Dakta Villaruz alifika saa tatu, suruali imelowa hadi mapajani, akaketi nyuma na fomu zake. Daftari langu, lililopelekwa chuoni mapema wiki hii, alikuwa amelisoma juzi. Uso wake haukusema lolote. Mwalimu Teofila aliketi karibu naye.
Nilianza vizuri. La pili nikawapa kazi ya kuandika, la tatu hadithi ya kusoma. Nikauliza nani ataanza. Mkono wa Lealyn. Ningeweza kumruka. Nikasema, "Lealyn, soma."
Akasoma. Midomo tu. Nilimkazia macho kama ninayetunga uzi kwenye sindano, nikawa narudia kila sentensi kwa sauti ili Dakta afuate. Mstari wa kwanza nikaupata. Wa pili. Wa tatu neno moja likaniponyoka.
"Rudia, Lealyn. Nimekosa neno."
Akarudia. Sikulipata. Dakta akaandika kitu.  Ndipo kile kitoto cha darasa la pili, Rutchel, kikanyoosha mkono, kikasubiri nikitazame.
"Kijito, Mwalimu. Amesema kijito."
"Ndiyo, kijito," wakasema wa nyuma yake. Wote walikuwa wameona, hata wale wa dirishani. Hakuna aliyewafundisha; wamekaa tu na Mwalimu Teofila siku baada ya siku. Mle ndani viziwi tulikuwa wawili, mimi na Dakta Villaruz.
Tukamaliza. Dakta akanipa mkono, akasema alama zangu tutazizungumza baadaye. Kwanza anataka maneno na mwalimu wangu. Wao wawili peke yao.
Nawaona kupitia dirishani. Wameketi kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti juu. Sasa hivi Dakta ameinua jalada lake la fomu, kama anasoma, limemfunika kuanzia puani kwenda chini. Mashavu yake yanacheza. Anaongea nyuma ya jalada. Anampima!
Nimesimama. Nilitaka kukimbilia mlangoni.
Mwalimu Teofila hakuinama wala hakubahatisha jibu. Amenyoosha mkono, ameshika ukingo wa jalada kwa vidole viwili, amelishusha taratibu hadi mapajani mwa Dakta, mkono wake bado uko juu ya jalada. Anamwambia kitu. Amenipa mgongo, siwezi kumsoma. Dakta namwona. Mdomo wake umefunguka, umefungwa. Sasa amelisukuma jalada pembeni na kusogeza kiti, amkabili. Anaanza kusema, polepole, na nadhani neno la kwanza ni "samahani".