Kijani cha Mama Furaha

Yaya, dada yangu mkubwa,

Nimechoka. Nakuandikia kwa sababu wewe ungenigombeza, na hapa hakuna aliyenigombeza.

Tangu tukuzike, programu uliyoitengenezea ofisi yetu ya mtaa wa Lumumba, ile ya kuwaandikisha watu waliokimbia vita Djugu, imebaki mikononi mwangu. Alikuja mkubwa mpya, akaitazama, akasema ina rangi nyingi kama kitenge. Alitaka bluu tupu. Sikubisha. Siku hizi sina nguvu ya kubishana na mtu.

Nikafungua kiolezo, ile faili moja inayozipa kurasa zote sura yake, kama ulivyonifundisha. Nikafuta kijani, nikafuta njano. Vile vitufe viwili chini ya picha ya kila mtu nikavibadilishia nafasi pia, vikae vizuri. Nilimaliza kabla ya chai. Nilijisifu hata, Yaya.

Wewe hukuwa ukigusa kitu kabla ya kuchapisha ukurasa kwenye karatasi na kuuweka mbele ya Mama Furaha, uangalie kidole chake kinakwenda wapi. Nilikuwa nakucheka: mama asiyejua kusoma anaulizwa nini? Lakini ndiye anayezijua sura za watu wote, na ndiye anayebonyeza kila asubuhi. Kijani, mtu yuko. Njano, ameondoka. Asubuhi ile kila kitu kilikuwa bluu, na mkono wake ukaenda ulikozoea, kwenye kitufe ambacho sasa kilimaanisha ameondoka.

Baba mmoja akafika kutoka Marabo kumtafuta binti yake. Nikasoma kwenye kompyuta: ameondoka. Nikamwambia hivyo kwa mdomo wangu. Alinishukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Binti alikuwa nyuma ya ofisi, anafua.

Mama Furaha alinijia akidai kijani chake. "Mutoto yangu, vert yangu iko wapi?"

Nilikimbia hadi kwenye magari ya Marabo. Lake lilikuwa limekwenda. Siku tatu tulimtafuta kwa simu za madereva. Jana alirudi. Binti alimshika shati na hakuliachia, hata walipoletewa chakula. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Nikarudisha kiolezo chako. Hapo ndipo nilipoona, juu ya vitufe, maneno uliyoyaacha ndani ya faili, ambayo mtumiaji hayaoni: "Rangi hizi ni za Mama Furaha. Weye unayesoma, muulize kwanza." Nilikuwa nimeyapita kwa haraka zangu.

Mkubwa amenuna. Bado anataka bluu, angalau kichwani mwa ukurasa. Kesho nitauchapisha, nitakaa kwenye kiti chako kando ya Mama Furaha, nitangoja kidole chake. Sitagusa tena kabla hakijatulia.

Pumzika, Yaya wangu. Maneno yako hayatafutwa nikiwepo. Chini yake nimeongeza mstari mmoja, kwa atakayekuja baada yangu: "Mimi sikuuliza."

Mdogo wako,
Neema