Mtani Wangu Kanikana Mbele ya Mkuu wa Shule

Mpendwa Bi Batuli,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla shule haijafunguliwa baada ya Pasaka, maana hapa nyumbani Itetemia usingizi siupati wala chakula hakipiti, na nikizidi kunyamaza nitapasuka. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la nane, Mnyamwezi, na mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Yoramu, ni Mzaramo wa Maneromango, kwa hiyo ni mtani wangu, na hilo wala si siri, tangu siku ya kwanza alipoingia darasani akauliza nani hapa Mnyamwezi wa kweli nami nikanyoosha mkono, hajanipumzisha, kila kukiwa na vitabu vya kubeba huniita, "Lete bega hapa, mjukuu wa mpagazi!" na darasa zima hucheka na mimi hucheka, maana ndivyo utani ulivyo, na babu yangu mzee Mahona kweli alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na pembe begani akarudi na vitambaa, tena zaidi ya safari moja.

Babu alifariki mwaka jana. Mwalimu Yoramu aliposikia akaja kwa baiskeli hadi kwetu, na kabla maiti haijateremshwa akarukia kaburini akalala chali, akasema, "Mzee huyu kabeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo anataka abebwe bure? Sitoki humu mpaka niletewe jogoo!" Bibi yangu Koleta, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, akacheka katikati ya kilio, akaamuru jogoo mwekundu akamatwe, mwalimu akatoka na jogoo wake na babu akazikwa. Hakuna aliyenuna. Nami ndiye niliyefiwa, Bi Batuli, na sikununa.

Basi muhula huu tunasoma kitabu cha njia ya misafara, kutoka huku kwetu Unyanyembe hadi pwani, na kila wiki tunapewa sura moja tuisome kisha tuijibu kwenye daftari, na mwalimu mwenyewe alituonya, "Msininakilie kitabu. Nataka mniambie sura imesema nini na ninyi mna lipi la kuijibu." Sura ya nne ilisema kwamba wapagazi wetu walipokaribia pwani, watu wa Uzaramo waliwapokea kwa ngoma na shangwe. Nikaijibu. Niliandika kwamba babu alinisimulia tofauti, kwamba Wazaramo wakisikia baragumu la Wanyamwezi walijifungia ndani, si kwa hofu bali kwa uvivu, maana mgeni lazima apewe maji na maji lazima yatekwe, na kwamba mwalimu wetu ametoka huko huko na mpaka leo hatujamwona akishika jembe kwenye shamba la shule, amekaa tu anangoja nazi imwangukie mdomoni, na Tabora minazi hakuna.

Mwalimu alilisoma jibu langu kwa sauti mbele ya darasa, akacheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, akaniambia, "Ngoja, mpagazi wewe, nitakukomesha!" Hapo hapo Mkuu wa shule akaingia, Mzungu mgeni ambaye hajamaliza hata mwaka hapa Tabora, akauliza kinachochekesha ni nini, akalichukua daftari, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kubahatisha akamwambia mwalimu amtafsirie, naye akatafsiri. Mkuu akaiva uso, akauliza, "Kijana huyu anakutukana wewe, mwalimu wake?" Nikangoja mwalimu aseme, hapana Bwana, huyu ni mtani wangu. Nilikuwa namtazama usoni. Haki ya Mungu, Bi Batuli, yeye alitazama dirishani, akasema, "Ni utovu wa adabu, Bwana."

Sasa hukumu niliyopewa na Mkuu ni hii: shule ikifunguliwa nisimame mbele ya wanafunzi wote nisome maneno aliyoyaandika Mwalimu Yoramu kwa mkono wake, kwamba niliyoandika ni uongo na matusi "niliyofundishwa nyumbani," na nisipoyasoma nirudi kwetu, mtihani wa darasa la nane nisiufanye. Baba anasema nisome tu yaishe, mtihani ndio wenye maana. Bibi sijamwambia, nawezaje? Nikisoma, nimemwita babu mwongo na udongo wake haujakauka vizuri, na nisiposoma nimeutupa mtihani nilioungoja miaka minane, nitabaki kulima karanga. Aliyeanza uchokozi ni nani, mimi au yeye? Nifanye nini?

Ni mimi,
Ambrosi Ngollo, Itetemia

*

Marahaba, mwanangu Ambrosi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hiyo habari ya nazi, mara ya pili nikapandwa na hasira mpaka chai yangu ikapoa. Lakini aliyeniandikia ni wewe, kwa hiyo naanza na wewe.

Ulikosea. Kumtania mtani wako si kosa, kosa ni mahali ulipomtania. Utani husemwa uso kwa uso, na waliopo wanajua nani ni nani kwa nani. Daftari la shule husomwa na kila mwenye cheo, leo na kesho. Umemwandika mwalimu wako mvivu kwa wino, halafu unashangaa limefika kwa asiyejua utani ni kitu gani? Na wewe ni mtu wa darasa la nane! Tena uliharibu jibu zuri. Kitabu kimesema ngoma, babu yako kasema milango ilifungwa. Hilo ni jibu la sura, na mwalimu aliomba hilo hasa. Ungeishia hapo. Jembe na nazi ungemwekea mtani wako nje, baada ya kengele.

Haya, hilo ni lako na limekwisha. Sasa huyo Yoramu. Loo! Mwanamume mzima, kavaa miwani, kalala kaburini mwa mzee wa watu, kachukua jogoo wa msiba kaenda kumla, halafu mbele ya Mzungu mmoja anaona haya kusema "huyu ni mtani wangu"? Anaogopa ataonekana mshamba? Bibi yako amecheka siku anamzika mumewe kwa sababu ya utani huo, na yeye anautupa kwa ajili ya kutazamwa vizuri na bosi wake! Na kama hiyo haitoshi, anamwandikia mtoto maneno ya kuwatukana wazee wake. Mimi ningekuwa jirani yake, angenisikia.

Nisikilize vizuri. Mstari wa "nyumbani" usiusome, hata baba yako akikusihi. Kosa la jembe ni lako, liombee radhi mbele ya shule kwa maneno yako mwenyewe, usimame wima, usilie. Mkuu usibishane naye. Yule ni mtu asiyejua tu, na aliyepaswa kumweleza ndiye aliyetazama dirishani.

Kabla ya hapo, mwambie bibi yako yote. Leo hii, usingoje kesho. Unamficha kwa kumwonea huruma, kumbe mwenye kesi ni yeye. Kisha mfuatane naye hadi kwa mwalimu mchana kweupe, majirani wakiwa vibarazani. Wewe ukifika amkia, kisha funga mdomo. Bibi Koleta na aketi, anywe maji akipewa, amuulize swali moja: "Mwalimu, kaburini mwa mume wangu uliingia kama nani?"

Akisema aliingia kama mtani, basi hakuna tusi lililoandikwa, na afuatane nanyi siku hiyo hiyo kwa Mkuu akayaseme hayo hayo, atafsiri neno kwa neno kama alivyotafsiri mwanzo.

Akisema yeye si mtani, basi bibi asiinuke hapo mpaka mwalimu awaeleze majirani mtu baki alikuwa akitafuta nini kaburini mwa maiti isiyo yake. Watu wa namna hiyo tunawaita nini, anajua. Na bibi yako asiondoke bila jogoo wake.

Batuli binti Nassibu,
Gongoni