Damu ya Mzee au Zambarau

Jumatatu, 4 Agosti
Asubuhi kaki, mchana kaki. Suruali za shule zitanimaliza. Jioni dada Atu kapiga simu kutoka Mbalizi. Kapiga yeye. Tangu tuzozane kwenye msiba wa mama hajawahi. Anataka nishone sare ya ukoo kwa sendofu ya binti yake. Nikapiga picha vitambaa dukani hapa Iringa, nikamtumia. Kachagua damu ya mzee. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Agosti
Gauni lake limefika kwa basi. Kapiga, sauti juu. Eti nimemletea zambarau, rangi ya Kwaresima. "Unamsindikiza mwanangu au unamzika?" Kakata. Na ya wenzake nimeshayakata yote. Nimelia juu ya cherehani.

Ijumaa, 8 Agosti
Hasira. Macho ninayo, ile si zambarau.
Nikiosha mchicha, tone la maji likaangukia simu, juu ya ile picha. Tone likakuza kioo kama lenzi. Ndani yake: vinukta vyekundu, vya kijani, vya buluu. Basi. Hakuna damu ya mzee humo. Macho yetu ndiyo yaliyoichanganya. Na simu ina mwanga wake. Kitambaa kinaazima wa mahali kilipo. Mwambie Atu hayo, atasema najifanya msomi.

Jumapili, 10 Agosti
Mbalizi. Sikumwambia nakuja. Baridi, madirisha kayafunga, gauni limetundikwa sebuleni chini ya taa nyeupe. Nikaliona. Zambarau tupu. Niliona aibu, maana nilikuja na maneno yangu tayari.
Nikalichukua, nikatoka nalo uani, juani. Akanifuata akifoka. Juani likawa damu ya mzee. Akashika pindo, akaingia nalo ndani, akatoka, akaingia tena. Kisha akasema nivue viatu, chai ipo.

Jumamosi, 16 Agosti
Sendofu. Kwa zile taa za ukumbini hakuna aliyejua tumevaa rangi gani. Mama mmoja kasifia kahawia yetu. Atu akanibana mkono, tukacheka mpaka mchungaji akageuka.

Jumanne, 19 Agosti
Kaki tena. Gauni langu nimelitundika dirishani. Ukungu leo, limekuwa rangi ya kunde.
Simu imeita kabla sijakunywa chai. Atu. Kauliza langu limeamkaje. Nikamwambia. Lake, kasema, bado zambarau. Hakuwa na jambo lingine.
Jana pia aliuliza.