Nyaya Zilizonyooshwa Usoke

Tabora, Jumanne. Joto la Oktoba limekaza tangu alfajiri, na mawingu yanayopita juu ya stesheni hayana nia ya kunyesha. Nami sina nia ya kumpenda mtu yeyote leo.

Namwonea wivu Shabani Mrisho.

Shabani ni fundi wa laini katika ofisi yetu ya simu. Hakuvuka darasa la nane. Mimi nina shahada ya uhandisi, nami naweza kueleza kwa hesabu jinsi jozi moja ya nyaya za shaba inavyobeba mazungumzo kumi na mawili kwa pamoja: kila sauti hupandishwa juu ya wimbi lake, mawimbi yote husafiri hadi Kigoma, na huko vichujio huyatenganisha tena.

Nimesoma kwamba Ulaya wanajaribu kupitisha maongezi kwa nuru, ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kwamba uzi huo huenda ukabeba maelfu. Mkoa wetu umepewa nafasi moja ya kwenda kuisomea elimu hiyo. Tangu niliposikia, nimeihesabu kuwa yangu.

Wiki tatu zilizopita jozi zetu mbili zilianza kuchanganya maneno. Karani wa tumbaku wa Urambo, akisubiri kuunganishwa, alisikia wazee wawili wakijadili mahari kwenye jozi ya pili. Akashindwa kujizuia, akawaambia ng'ombe kumi ni wengi mno. Mji mzima ulicheka. Mimi niliandika ripoti ya kurasa saba kuthibitisha kwamba vichujio vimechakaa, na kwamba lazima vipya viagizwe ng'ambo.

Shabani aliisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ndugu Mhandisi, karatasi zako zimefika ng'ambo, ila miguu yako haijafika Usoke."

Jana nilimfuata huko, kwenye njia ya nyaya ziendazo Kigoma, nia yangu ikiwa kumwona akishindwa.

Tulitembea kando ya reli asubuhi nzima. Karibu na kijiji kipya cha ujamaa alisimama, akatazama juu. Nguzo kadhaa zilikuwa mpya. Mwenyekiti wa kijiji, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alieleza kwa fahari kwamba upepo uliziangusha za zamani, na wanakijiji wakajitolea kuwasaidia vibarua wetu.

"Tulikuta nyaya zimepishana, wanangu. Tukasema, hawa watu wa simu ni wavivu. Tukazinyoosha zote, wala hatukudai kitu."

Shabani alicheka hadi akaketi juu ya reli. Nyaya hupishanishwa makusudi, ili sauti ambayo jozi moja huiambukiza nyingine hapa, ifutwe kule mbele. Hilo nilifundishwa, hata nikalifanyia mtihani. Tena yale maneno ya mahari yalitoka jozi nyingine, na yalisikika wazi; kichujio kibovu hukoroga sauti za jozi yake tu. Ushahidi wote nilikuwa nao mezani.

Nyaya zilipopishanishwa upya, laini ikatulia.

Leo asubuhi mkuu wetu wa makao makuu ameagiza taarifa kwa simu: nani aliyeigundua hitilafu, na kwa njia gani. Ataisoma kabla ya kuchagua wa kwenda Ulaya. Nilimwambia Shabani. "Andika wewe mwenye mwandiko," akajibu, akaenda kunywa chai.

Rasimu ya kwanza niliiandika bila jina lake. Ilikuwa taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilijitetea kwamba katika nchi ya ujamaa kazi ni ya wote, basi kumtaja mtu mmoja kuna maana gani? Hoja ilisimama vizuri. Kisha nikatambua kwamba, kama mgunduzi ningekuwa mimi, jina langu lingekaa mstari wa kwanza.

Nimeichana.

Ya pili inataja kosa langu na kurasa zake saba, kisha inamtaja Shabani Mrisho. Imeondoka na treni ya mchana.

Nilitarajia moyo upoe. Haukupoa. Bado natamani asichaguliwe. Nimefikia hata kutumaini kwamba Kiingereza chake kitamwangusha kwenye usaili.

Akichaguliwa, ofisi nzima itamsindikiza stesheni, na mimi, niliyesafiri naye Usoke, nitatarajiwa kumbebea sanduku. Nitalibeba kwa uso gani?